Aliyeketi Juu ya Ngao

Wapo wanaosema majini hayafiki London, ati baridi inayashinda. Waseme watakavyo. Waliopata kukaa karibu na Lilian wa Harrow hawasemi hivyo tena.

Kwake mambo yalianza na blauzi. Alikuwa kwenye kikao cha asubuhi, ofisini kwao, anawaeleza wahudumu wa wazee namna ya kumwinua mgonjwa bila kumuumiza, mara akahisi ubaridi kifuani. Akainamisha macho. Blauzi imelowa, duara dogo katikati ya matiti. Wahudumu wa mstari wa mbele walishaona, wakajifanya wanasoma karatasi zao. Lilian akajifunika kwa koti, akamaliza kikao harakaharaka, akakimbilia msalani. Maziwa hayawezi kuwa, mwanawe Irene ana miaka sita. Jasho nalo, Januari hii? Akagusa pale palipolowa, akaupeleka ulimini ule unyevu, hata mwenyewe hakujua kwa nini. Ulikuwa na chumvi ya machozi. Na pale palipolowa hapakuwa na kitu kingine ila kidani chake kipya.

Kidani chenyewe kilikuwa sarafu. Mumewe Godson alipewa na Mzee Chandrakant, mwenye ofisi ya uhasibu anakofanya kazi, siku alipofanywa mbia. Mzee huyo alizaliwa Moshi, akakulia hukohuko mpaka familia yake ilipohamia Uingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu, cha sokoni. Nyumba yake imejaa sarafu za Kirumi. Alimwambia Godson kwamba mtu aliyeshinda apewe kitu cha ushindi, akamtia mkononi sarafu ya fedha ya Kaisari Trajani. Upande mmoja kichwa cha kaisari, shingo nene, pua ya kibabe. Upande wa pili mwanamke ameketi juu ya rundo la ngao, na mbele yake nguzo iliyovikwa mavazi ya vita ya watu wake waliokufa. Nchi yao iliitwa Dakia, huko kunakoitwa Romania siku hizi. Kaisari alipoiteka alipiga sarafu hizo ili kila anunuaye mkate ajue nani kashinda na nani kashindwa, na nchi nzima akaichora kuwa mwanamke mmoja mwenye huzuni.

Lilian aliipenda mno. Akaipeleka kwa sonara wa Kingsbury Road akamwagiza aizungushie dhahabu. Sonara akauliza ni upande upi utakaotazama nje. Lilian akamjibu papo hapo kwamba kaisari awe nje, mwanamke awe ndani. Nani atake kuonekana amevaa mtu anayelia?

Jioni ile aliporudi nacho, kidani kilizungushwa nyumba nzima kionwe. Godson akakisifu. Irene akataka kukijaribu. Dada Teresia, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, akafuta mikono, akakigeuza upande wa ndani.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu ameshika tama."

Na kweli. Mwanamke wa kwenye sarafu ameegemeza shavu kiganjani, kiwiko gotini. Nani wa kwetu asiyejua maana yake? Mtoto akishika tama anatolewa mkono shavuni kwa kibao, anaambiwa anaita msiba. Teresia mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtoa Lilian mkono shavuni enzi za utoto, na sasa alikuwa anamwuliza kwa upole mtu anawezaje kujivika msiba shingoni na kuingia nao ndani kwenye mtoto. Lilian akacheka. Akamwambia hayo ni mambo ya kina bibi, hapa ni Ulaya, na ndizi zinachelewa.

Hapa aelezwe huyu Teresia, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Lilian, amemzidi Lilian umri kwa miaka mingi. Ndiye aliyembeba mgongoni. Ndiye aliyeinamia cherehani pale Moshi mjini, akishona sare za watoto wa watu ili Lilian naye apate ya kwake. Mjane, wanawe wakubwa wanaojitegemea. Alikuja London kwa viza ya matembezi, amsaidie mdogo wake aliyekuwa amerudi kazini huku Irene bado anatambaa. Walikubaliana akae miezi sita. Ile miezi ikapita, viza ikafa, miaka ikaanza kuhesabika, na Teresia hakurudi. Alilala kwenye kijichumba cha juu ya ngazi, pamoja na masanduku na baiskeli ya Godson. Irene hakufundishwa kumwita mama mkubwa. Alifundishwa kumwita anti, kama watoto wa mjini wanavyomwita dada wa kazi. Lilian naye, ambaye zamani asingethubutu kumpita dada yake bila shikamoo, siku hizi akiamka anauliza soksi za mtoto ziko wapi. Wageni wakidadisi, jibu lilikuwa tayari: ni ndugu yetu, yuko nasi, London imemkaa.

Baada ya ile blauzi ikaja harufu. Moshi wa nyasi za paa zinazoungua, na ndani ya moshi huo kitu kama sufi ya kondoo iliyonyeshewa. Godson akamwita fundi wa gesi, fundi akapima kila chumba, akasema nyumba ni salama. Harufu ikazidi kwenye ngazi. Kisha kikaja kilio. Kilikuwa chembamba, cha mtu aliyejizoeza kulia asisikike, na kilitoka upande wa kijichumba. Lilian akavumilia siku mbili tatu, mwishowe akapanda akagonga, amwambie Teresia kwamba mtoto anasoma chini na nyumba hii si matanga. Mlango ukafunguliwa. Teresia alikuwa na macho makavu.

"Nilidhani ni wewe unayelia," akasema. "Mimi nililia mwaka ule, nikamaliza."

Lilian aliujua mwaka ule. Akageuka akashuka.

Siku iliyofuata alirudi kazini saa kumi na moja za jioni, na giza la Januari lilikwishatanda. Taa ya jikoni haikuwashwa. Kwenye mwanga uliotoka barabarani akamwona Teresia ameketi chini, mgongo kuelekea mlangoni, goti moja juu, shavu mkononi. Lilian hasira zikampanda. Akasimama palepale na koti lake akaanza: kwamba yeye anashinda kutwa amesimama, kwamba akirudi anakuta jiko baridi na mtu mzima amekaa gizani ameshika tama, yeye yule aliyekuwa akiwafunza wenzake miiko, kwamba mtu anayekula na kulala bure angalau angewasha taa, na alivyokuwa akiyasema hayo harufu ya moshi na sufi ikawa inapanda kutoka sakafuni, inamjaa puani na mdomoni, na bado akaendelea kusema, maana ulimi ulishazoea njia hiyo, mpaka mlango wa bustani ulipofunguliwa na Teresia akaingia, ndoo ya takataka mkononi, Irene amemshika gauni.

Wote wakasimama. Yule aliyeketi akageuza kichwa polepole. Hakuwa na uso. Palipopaswa kuwa na macho na pua palikuwa pamesagika, pamekuwa laini, kama sarafu iliyopita mikono mingi mno. Teresia alipowasha taa, hapakuwa na mtu. Sakafu tu, imelowa, na Lilian akajua kwa aibu iliyomchoma kwamba kilichomtisha hasa si ule uso. Ni kwamba alimtukana jini kwa maneno aliyoyazoea, na hakuona tofauti.

Asubuhi Irene alikuwa mezani, uji unapoa mbele yake. Ameshika tama.

Lilian akamtoa mkono shavuni. Mkono ukarudi. Akautoa tena, ukarudi tena, polepole, kama mlango usiofungika. Siku ile mtoto hakula, wala iliyofuata. Shule wakapiga simu kwamba Irene anakaa chini uwanjani peke yake hasemi na mtu. Daktari akasema ni virusi vya msimu, anywe maji. Mtoto akakonda mpaka sweta ya shule ikawa inamning'inia, na mama yake akiinama kumbusu anakutana na ile harufu ya moshi kwenye nywele zake. Hapo Lilian hakuwa na lingine moyoni. Mwanawe alikuwa anakwenda, na anakwenda huku anamtazama.

Akakimbilia kwa Mzee Chandrakant na kidani kwenye bahasha. Akamwambia anakirudisha, asimwulize sababu. Mzee akakitoa, akakigeuza, akavaa miwani. Kisha akachukua lenzi yake. Akatazama muda mrefu, akaiweka lenzi mezani taratibu sana.

"Mama Irene," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mwanamke amekwenda wapi?"

Lilian akatazama. Ngao zilikuwepo. Nguzo ilikuwepo na mavazi yake ya vita. Juu ya ngao hapakuwa na mtu. Palikuwa patupu, fedha laini inayong'aa. Mzee alimsukumia sarafu yake juu ya meza kwa ncha ya kalamu, akaenda kunawa mikono, na Lilian akatoka nje akijua kwamba kuitupa hakutasaidia kitu, maana aliyekuwa ndani yake alishahamia kwake.

Kwenye timu ya Lilian kulikuwa na Josée, Mkongo wa Bukavu, mhudumu wa wazee siku za kazi na mwombeaji wa wagonjwa siku za mapumziko, katika kanisa dogo la Neasden. Watu walisema mkono wake si wa mchezo. Naye alikuwa miongoni mwa walioiona ile blauzi. Kumwomba ilikuwa aibu, bosi kumwomba mtu wake, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa anameza mengi kuliko hilo. Josée hakujivuna. Akaja Jumamosi mchana na chupa yake ya mafuta, akavua viatu mlangoni, akanusa, akaanza kwenda chumba hadi chumba akiimba taratibu. Alipofika kwenye kijichumba cha juu ya ngazi aliacha kuimba.

Wakakusanyika sebuleni. Irene alikuwa ameketi kwenye zulia, shavu kiganjani. Josée akampaka mafuta, akamwekea mkono kichwani, akauliza kwa jina la Yesu aliyemo ni nani na anataka nini.

Sasa, Irene ni mtoto wa London. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, hata salamu. Basi alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili kizito cha mwanamke mtu mzima, sauti kavu yenye vumbi.

"Mimi nilifungwa na mfalme. Mwenzangu huyu amefungwa na nani?"

Godson akatazama zulia. Josée akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Mama," akamwambia Lilian, "mu hii nyumba kuko mutu mwenye alifungwa. Ni nani?"

Lilian akasema hakuna. Alilisema haraka, kwa ile sauti yake ya kikaoni, kwamba hapa wote ni familia, na wakati bado neno familia liko mdomoni mwake mkono wa Irene ukatoka shavuni na yote miwili ikaenda nyuma ya mgongo, ikapishana, ikakazwa na kitu kisichoonekana, mpaka mifupa ya kifua ikachomoza chini ya sweta, na mtoto akaanza kupiga ukelele mwembamba bila kufungua kinywa, na moshi wa nyasi ukajaa sebule ingawa hapakuwa na moto, na kutoka juu ya ngazi kukasikika vyuma vikiburutwa, hatua baada ya hatua, vinashuka, na Godson akaanza kulia na kumwambia mkewe aseme, aseme tu, Lilian, kwa ajili ya Mungu sema, lakini ulimi wa Lilian ulikuwa umekauka, kwa sababu kusema ni kumtazama Teresia, na Teresia alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa jiko, kitambaa cha vyombo begani, anangoja na yeye asikie.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lilian akainuka, akapita katikati ya ule moshi, akapanda akipita kando ya kile kilichokuwa kinashuka, bila kukitazama. Akafungua kabati lake la nguo. Chini ya mashuka ya wageni akatoa pasipoti ya kijani kibichi, akashuka nayo, akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Sikuipeleka kwa mwanasheria wa viza, kama nilivyokuambia," akasema. "Haijawahi kutoka humu ndani. Nilikudanganya kwamba polisi wanakamata watu vituo vya basi, ili usitoke. Na mama mkubwa alipofariki mimi nilipanda ndege nikaenda kumzika, nikakuacha wewe mwanawe unilelee mtoto. Kule niliwaambia kazi imekubana, hukupenda kuja."

Hilo la mwisho Teresia hakuwa analijua. Lilionekana likimwingia. Miaka yote hiyo ndugu zake walikuwa wakimjibu kwa mkato kwenye simu, na yeye akidhani ni umbali. Akakaa kwenye mkono wa kochi. Akaipokea pasipoti, akaifungua, akaitazama picha yake kwa muda, akaifunga.

Vyuma vilikuwa vimenyamaza chini ya ngazi. Josée akamwambia Teresia, kwa heshima, kwamba huyu aliyemo hatamsikiliza mtu mwingine ila yeye. Kama ana neno, aseme.

Teresia akashuka akakaa kwenye zulia, akamkumbatia Irene na ile mikono yake iliyofungwa. "Mtoto hana kosa," akasema. "Kwa ajili ya huyu nimesamehe. Mwachie, mama. Mwachie, mwenzangu."

Mikono ya Irene ikalegea, ikaanguka kila mmoja upande wake. Moshi ukatawanyika kwa namna ya mvuke wa sufuria ukifunuliwa. Mtoto akapiga chafya, akatazama watu waliomzunguka, akauliza kwa Kiingereza chake kama kuna mkate wa siagi. Godson akamnyakua akacheka na kulia pamoja.

Lilian alikuwa bado amepiga magoti. Akauliza kwa sauti isiyosikika vizuri, "Na mimi, dada?"

Teresia akamtazama. Hapakuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomvunja Lilian.

"Wewe, bado."

Akapanda kufunga mzigo wake. Haukujaza hata begi moja. Akaondoka na Josée jioni ileile, akakae kwake Neasden mpaka safari yake itakapotengenezwa. Mlangoni Lilian akamshika Josée mkono, akamwuliza kwa kunong'ona kama yule jini ametoka.

"Mu mutoto ametoka," Josée akasema, akifunga vifungo vya koti. "Mu nyumba, mama, mimi sitakudanganya. Ule hakuingia kwa nguvu. Aliona mutu wa kukaa naye." Siku zilizofuata, kazini, alimsalimia Lilian kama kawaida, wala hakumwambia mtu. Lilian aliona afadhali angesema.

Teresia akafika Moshi wiki chache baadaye. Lilian ndiye aliyepiga simu kwa ukoo, kwa mjomba mkubwa, watu wote wakiwa wamekusanyika nyumbani kwake kumpokea. Akayasema yote, tangu mwanzo, hakujitetea. Alipomaliza akasikia mtu upande wa pili akimwambia mwenzake amletee Teresia kiti, na simu ikawekwa chini.

Irene amenenepa. Analala vizuri, anacheza, anauliza anti atarudi lini. Godson alipendekeza waite mchungaji mwingine, mkali zaidi, amalizie kazi, maana yeye naye bado anaisikia ile harufu akipanda ngazi. Lilian akamwambia amwache yule mwanamke akae.

Kwani kilio kipo. Kinaanza giza likiingia, kule kwenye kijichumba. Kwa majuma mengi Lilian alikuwa akifungulia redio. Jumapili moja Godson alikuwa amempeleka mtoto bustanini, na yeye yuko peke yake jikoni anamenya ndizi, kikaanza. Redio ilikuwa karibu naye. Hakuigusa. Akaweka kisu chini, akaenda mpaka chini ya ngazi, na neno lililokuwa limemganda kooni miaka yote hiyo, tangu siku ya msiba wa mama mkubwa, likatoka dogo na lenye kutetemeka.

"Pole, dada."

Kilio kikakatika. Nyumba nzima ikatulia, kama vile mtu huko juu ametega sikio kuona kuna neno jingine. Lilian akafungua mdomo, akatafuta la kuongeza, akakosa. Na huko juu, polepole, kikaanza tena.